Ukifunga sola, uliza kwanza betri itajazwa saa ngapi

Wateja wangu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huanza na bei ya paneli. Mimi huanza na betri: itajazwa saa ngapi, na kwa umeme upi?

Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumia nyumbani, mara nyingi hutumia sola pamoja na gridi (umeme wa taifa), na huwa na mpangilio unaoruhusu gridi kujaza betri jua likizama. Fundi akiuacha hivyo, betri inaanza kuvuta saa moja jioni, kila nyumba ikiwa na taa, televisheni na pasi. Saa hiyo paneli za Soroti na Tororo, megawati 10 kila kituo, zimeshalala, na sehemu kubwa ya mzigo inarudi kwenye mabwawa ya umeme ya mto Nile. Si bure wateja wakubwa hulipa bei ya juu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku.

Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika papo hapo. Matumizi yakizidi, mitambo hupunguza kasi na masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, hushuka chini ya hezi 50. Rota, yaani sehemu nzito zinazozunguka katika mitambo ya mabwawa ya Nalubaale na Karuma, hazipungui kasi ghafla, kwa hiyo kunapatikana sekunde chache za kufungulia maji zaidi. Paneli haina kinachozunguka. Sola ikiongezeka, nafasi hiyo hupungua. Sisi wa West Nile, eneo hili la Arua, tunaelewa haraka, maana kabla ya kuungwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tulikuwa na gridi yetu ndogo, na bwawa la Nyagak ni megawati 3.5 tu. Kwenye gridi ya kiasi hicho, vinu vichache vya kusaga vikiwashwa pamoja, taa za jirani zinafifia.

Basi mwambie fundi apange hivi: sola kwanza, betri pili, gridi mwisho. Mawingu yakizidi na ukalazimika kujazia kwa gridi, iwe baada ya saa sita usiku. Friji na pampu ziwekee kifaa cha kuzichelewesha dakika chache umeme unaporudi, kwa sababu mtaa mzima huwaka kwa mpigo na laini inaweza kukatika tena.

Kuna mafundi wanaochomeka inveta kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilishia, ile inayotenga nyumba na gridi. Gridi ikikatika, umeme wako unaweza kurudi hadi kwenye transfoma, ukapandishwa volti, ukamkuta aliye juu ya nguzo akiamini waya umekufa. Mteja akiniambia swichi tuiruke ili kupunguza gharama, nafunga mkoba wangu naondoka.