Jibu: Programu ya simu badala ya kwenda Mirembe?

Pole sana dada. Umeuliza kama mdogo wako aliyeko Kongwa, asiyelala wala kula vizuri, atumie programu ya simu badala ya kuja Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya Dodoma. Hapana, isiwe badala. Yale maswali 9 ya kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) yaliyomo kwenye programu nyingi huuliza hali ya wiki 2 zilizopita na kutoa alama kati ya 0 na 27. Yanapima tu, hayatibu. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru. Akilijibu ndiyo, hata jumla ikiwa ndogo, asibaki peke yake. Mpelekeni kituo cha afya cha karibu siku hiyo hiyo.

Simu inafaa zaidi baada ya matibabu kuanza. Shangazi yangu wa Mpwapwa anatumia dawa. Kila siku saa 2 usiku namwandikia, ananijibu "nimemeza". Asipojibu napiga. Nikisikia anaongea kwa kuvuta maneno na redio yake haisikiki nyuma, najua halali vizuri, tunarudi kliniki mapema.

Na simu anayotumia mdogo wako ni yake au ya kuazima? Ujumbe wa namna hii usisomwe na nyumba nzima.