Kibao cha Kupangia Kete za Dhumna kwa Anayecheza kwa Mkono Mmoja

SWALI: Mhariri, baba yangu amecheza dhumna kwa miaka mingi hapa Unguja. Tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kushoto hauna nguvu ya kukamata kete 7, na akizisimamisha mezani huanguka kila wenzake wanapopiga zao, zikaonekana na wote. Ninayo randa, msumeno, msasa na vipande vya mbao, ila sina mashine. Je, ninaweza kumtengenezea kibao cha kupangia kete, pamoja na kisanduku cha kuzihifadhia?

JIBU: Ndugu msomaji, tufikishie pole zetu kwa mzee. Kazi hiyo unaiweza kwa zana hizo hizo, lakini anza kwa kuzipima kete zenyewe anazochezea, kwa sababu seti hazilingani. Kete nyingi zina urefu wa sentimita 5 hivi, upana wa 2.5 na unene wa 1, nami nitatumia vipimo hivyo. Zako zikitofautiana, ongeza au punguza.

Wengi huchonga mfereji katika kipande kimoja cha mbao na kusimamisha kete humo. Sikushauri ufanye hivyo, kwa kuwa kuunyoosha mfereji mrefu kwa patasi ni kazi ngumu, na ukizidi kina hufunika vitone vya chini, hata tano ikaonekana kuwa tatu. Ni afadhali uunganishe vipande vitatu kwa gundi ya mbao, yaani kitako, mgongo na ufito wa mbele. Kitako kiwe na urefu wa sentimita 25, upana wa 9 na unene wa 2. Mgongo uwe na urefu huo huo na kimo cha sentimita 5, na upande wake wa chini uupige randa kwa mshazari, ili ukishagandishwa sehemu ya juu ilale nyuma kiasi cha sentimita 1.5. Kwa mlalo huo kete huegemea bila kushikwa, na mzee ataona vitone vyote bila kuinama. Usiugandishe mgongo ukingoni kabisa. Bakiza sehemu ya kitako nyuma yake, kibao kisije kikapinduka. Ufito wa mbele usizidi kimo cha milimita 3, kwani kazi yake ni kuzuia kete zisiteleze, na kati yake na mgongo pawe na nafasi ya unene wa kete na milimita 3 zaidi.

Kete 7 huchukua sentimita 17.5. Sentimita 7.5 zinazobaki ni za vidole, maana anayetumia mkono mmoja lazima apate upenyo wa kuibana kete pande zote mbili. Wakicheza wanne, kete zote 28 hugawanywa na urefu huo unatosha. Wakicheza wawili na kuokota, ongeza hadi sentimita 35. Kila mwisho wa kibao gandisha kipande cha kimo cha sentimita 6, ili jirani wa kulia na wa kushoto wasichungulie.

Kwa mbao, mninga unafaa kuliko nyingine: haupindi sana ukishakauka, hukubali randa, na vipande vyake hupatikana kwa maseremala. Mvule nao ni mzuri, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa. Ukimaliza, paka mafuta ya kitani mara mbili. Matambara uliyopakia uyatandaze nje yakauke, kwa sababu yakirundikwa yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

Kuhusu mtikisiko, kata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli na uvigandishe chini ya kitako, kwenye pembe zote nne. Mpira hushika meza na kupunguza kishindo, na hapo wenzake wanaweza kupiga kete kwa nguvu kama desturi yao bila za mzee kuanguka.

Kisanduku ni kazi nyepesi. Kete 28 hupangika tabaka 4 za kete 7, hivyo nafasi ya ndani iwe sentimita 18 kwa 5.5, na kina cha 4.5. Kifuniko kiwe cha kuteleza kwenye mifereji myembamba, tena kilegee kidogo, ili mzee aweze kukifungua mwenyewe kwa mkono wa kulia.