Spika ya dereva inakata na kurudi? Usinunue spika bado

Bosi wa Toyota Fielder, nimesoma shida yako. Spika ya mlango wa dereva inapotea inarudi, siku zingine ukiongeza volyumu zote nne zinanyamaza kidogo halafu zinaamka, na fundi ashakwambia utafute pesa ya spika nne mpya. Hizo pesa kaa nazo kwanza. Spika ikiungua imeungua, hailali usiku iamke asubuhi ikiwa poa. Kitu inakata na kurudi mara nyingi ni waya ama mahali waya zimeunganishwa, na hizi gari zetu za Japani hapo ndipo ugonjwa hukaa, kwa sababu redio inayokuja nayo inashika FM ya kwao inayoanzia 76 mpaka 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Sasa gari ikifika tu Nairobi kitu cha kwanza ni kubadilisha redio, na mtu anakata soketi ya Toyota, anasokota waya kwa vidole, anapiga tepu nyeusi, anasukuma yote nyuma ya dashbodi. Ukianika hiyo gari kwa jua la parking mchana kutwa gundi ya tepu inayeyuka, waya zinaanza kutembea. Na soketi ya kuunganisha redio mpya bila kukata chochote ipo Kirinyaga Road na si ghali, ni uvivu tu.

Lakini yako mimi nashuku mlango, kwa sababu yangu ilianza vile vile. Spika ya kulia mbele ilikuwa inakata nikifunga mlango, nikiendesha inarudi, nikipiga tuta inapotea tena. Kilichonifungua macho ni dirisha, lilikuwa pia limeanza kugoma, unabonyeza swichi halishuki, unafungua mlango kidogo linashuka. Hizo waya zote, ya dirisha, ya loki na ya spika, zinapita kwa ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na bodi. Na hapa kwetu dereva anakaa kulia, kwa hivyo mlango wa kulia ndio unafunguliwa kuliko yote, waya zinakunjwa na kunyooshwa kila siku mpaka shaba ya ndani inakatika na plastiki ya nje bado nzima. Kwa macho huoni kitu. Cheki kama dirisha lako ama loki zinasumbua pia, hiyo peke yake itakwambia mengi.

Sasa mbona zote nne zinanyamaza? Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Kwa redio za siku hizi ile waya ya hasi ya spika si ethi, yaani si ile inayofungwa kwa bodi ya gari. Redio ikiwa inawaka, waya zote mbili za spika zina karibu volti 6 kila moja, kwa hivyo ile ya hasi ikichubuka ikaguse chuma cha mlango, redio inaona shoti na inajizima saundi ili isiungue. Redio nyingi zikijilinda hivyo zinakata pande zote, si ule mlango mmoja tu. Ndio maana mlango mmoja unaweza kunyamazisha gari nzima. Kuna fundi wa kitambo aliniambia hasi zote unazifunga kwa bodi pamoja upunguze waya, nikamshukuru nikaenda zangu.

Ila angalia kitu kimoja. Zikinyamaza, uso wa redio unabaki ukiwaka ama unazima pia? Ukizima, hiyo ni umeme wa redio yenyewe, waya ya manjano, nyekundu ama ethi nyeusi imelegea, achana na spika kabisa. Ukibaki unawaka na saundi haipo, rudi kwa hiyo stori ya shoti.

Kupima si kazi kubwa. Tafuta multimita (kile kipimo cha umeme) ya bei rahisi Luthuli Avenue, toa redio, chomoa soketi (usipime omu redio ikiwa imechomekwa), weka kwa omu, ile ya kupima ukinzani wa waya. Kama rangi ni zile za kawaida za redio za kununua, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ile yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Gusisha ncha za multimita kwa waya mbili za rangi moja, spika ya omu 4 itakuonyesha kama 3 na kitu. Shika hapo, mwambie mtu afungue na kufunga mlango polepole huku akitikisa ule mpira. Namba zikiruka ama zikipotea kabisa umeshapata mgonjwa. Halafu pima kila waya ya spika na chuma cha bodi, hapo haifai kusoma kitu chochote, ikisoma kuna mahali inagusa. Ukiwa ndani ya dashbodi usiguse soketi za manjano, hizo mara nyingi ni za airbag.

Kama namba zimetulia tuli, basi toa kava ya mlango ucheki spika yenyewe. Kuna zile nyuzi mbili laini zinatoka kwa vituo, pale waya zinaposhika spika, kwenda kwa koni, ile karatasi inayotikisika, nazo huchoka zikakatika nusu. Sukuma koni taratibu na vidole sawasawa pande zote, namba zikikata na kurudi hapo, sawa, fundi wako alikuwa na haki, lakini ya spika moja. Angalia pia kama ile karatasi ya plastiki ya ndani ya mlango ipo, wakiitoa hawairudishi na mvua ya Aprili inashuka mpaka kwa vituo vya spika, vinaota kutu.

Ukipata waya imekatika ndani ya mpira usiunganishe pale pale kwa mkunjo, itakatika tena. Pitisha kipande kipya cha waya laini yenye nyuzi nyingi kutoka ndani ya gari mpaka ndani ya mlango, unganisha kwa lehemu ncha zote mbili nje ya mpira, uvalishe ule mrija wa plastiki unaojibana ukipata moto. Toa hasi ya betri kwanza.

Hujasema kama uko na ampu, ile mashine ya kuongeza nguvu ya saundi. Kama ipo chini ya kiti na ndiyo inasukuma hizo spika, hesabu inabadilika kidogo, angalia taa ya protect saundi ikikata na ushike ampu na mkono uone kama imechemka. Tuambie hiyo, na tuambie dirisha linasema nini.