Dawa ya mafua si dawa ya usingizi

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka miwili na miezi minane. Halali mpaka saa tano usiku, na saa kumi na moja na nusu alfajiri lazima nimwamshe niwahi kazini. Mchana kwa dada anayemlea analala saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Jirani kanishauri nimpe kijiko cha dawa ya mafua. Ni salama?

JIBU: Usimpe, mama. Swali hili haliishi, na majirani nao hawachoki.

Nyingi ya dawa hizo zina klofeniramini au prometazini, ambazo ni dawa za mzio. Kusinzia ni maudhi yake tu. Prometazini ni marufuku kwa mtoto chini ya miaka 2, kwani inaweza kudhoofisha upumuaji. Wapo watoto wanaochangamka badala ya kulala. Na mwili ukishaizoea, kijiko kimoja kinakuwa viwili. Kijiko chenyewe kipi? Dozi hupimwa kwa ml 5; cha jikoni kwako si sawa na cha jirani. Geuza chupa usome: nyingi zimechanganywa na parasetamo. Akipata homa ukampa parasetamo nyingine, umerudufisha dozi, na ini ndilo linaloumia.

Sasa hesabu. Usiku analala kwa muda wa saa sita na nusu, mchana saa mbili: jumla saa nane na nusu. Umri wake unahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku. Kinachomkesha ni kule kulala jioni. Mwambie dada amlaze baada ya chakula cha mchana, saa saba, na saa tisa awe macho. Kisha rudisha muda wa kulala nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili hadi ufike saa mbili usiku. Itachukua kama wiki tatu na nusu. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla. Chai ya rangi jioni hapana, ina kafeini.

Wauza dawa wanaotoa chupa hizi bila hata kuuliza umri wanajua wanachofanya. Hawaulizi pia kama mtoto anakoroma. Anayekoroma karibu kila usiku, mdomo wazi, pumzi ikikatika kisha akashtuka, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo akaguliwe nyama za puani na mafindofindo. Njia yake ya hewa tayari ni nyembamba, na huyo ndiye mara nyingi anayepewa kijiko, kwa kuwa "halali vizuri".