Pampu ya dizeli ya ndani ya tangi, lori la kijeshi la Marekani M35A2

Mkuu, kama ukiwasha swichi husikii mvumo kwenye tangi, usikimbilie kununua pampu. Pima kwanza umeme kwenye plagi yake pale juu ya tangi. Gari hilo ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Umeme ukifika na athi (waya wa hasi unaoungwa kwenye bodi ya gari) ni nzima, hapo pampu imekufa.

Kuitoa si kazi kubwa, balaa ni uchafu. Chomoa hasi ya betri, kisha osha juu ya tangi mpaka ing'ae, maana tope la miaka limekaa kuzunguka zile skrubu na ukifungua tu linadondoka ndani. Langu nililifungua kienyeji, nikaishia kushusha tangi zima, karibu lita 190! Inua pampu taratibu ukiipinda kidogo, weka gasketi mpya, na usithubutu kuifunga pampu ya volti 12.

Halafu hata ikifa, injini kwa kawaida inaendelea kutembea, kwa sababu pampu ya injekta (ile inayosukuma dizeli kwenye injini) ina pampu yake ndogo ya kuvuta. Ila dizeli ikikauka kwenye paipu, hewa inaingia, na kuitoa kwa mkono bila pampu ya tangi utajuta.