Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, alikuwa wakili kweli kabla ya Mapinduzi hayo?

Ndiyo, na kesi alikuwa nazo. Alizaliwa Arras, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1758, akasomeshwa Paris kwa ufadhili wa kanisa, akarudi kwao mwaka 1781 na kusajiliwa wakili kwenye Baraza la Artois, mahakama kuu ya jimbo.

Iliyomtoa ni kesi ya kinga ya radi. Bwana mmoja wa Saint-Omer aliweka chuma juu ya nyumba yake, majirani wakahofia kitavuta radi mtaani, na mahakimu wa mji wakaamuru king'olewe. Mwaka 1783 Robespierre alishinda rufaa, kisha akachapisha hoja zake. Hapo ndipo jina lilipotoka nje ya Arras. Utafiti wa kisayansi, lakini, kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wakili mwenzake mkubwa, Buissart, hilo husahaulika.

Aprili 1789 alichaguliwa mjumbe wa Tabaka la Tatu, yaani watu wasio makasisi wala makabaila. Mei 1791 alitaka bungeni adhabu ya kifo ifutwe, akashindwa. Julai 1793 akaingia Kamati ya Usalama wa Umma, chombo kilichoongoza serikali ya Mapinduzi.

Usichopaswa kukosa kusoma ni sheria ya 10 Juni 1794, aliyoiunga mkono kwa nguvu: washtakiwa wa Mahakama ya Mapinduzi, iliyohukumu walioitwa maadui wa Mapinduzi, walinyimwa mawakili. Wiki saba baadaye, tarehe 28 Julai, yeye mwenyewe aliuawa bila kesi. Alikuwa ametangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria, kwa hiyo mahakama ilithibitisha tu kwamba ndiye.