Kabla ya kununua lenzi ndogo pana ya fokasi ya mkono, pima pete yake

Vijana wanaopiga picha hapa Goma, mashariki mwa Kongo, huniuliza mara kwa mara kuhusu lenzi ndogo pana, zinazoona eneo kubwa, ambazo fokasi yake (kufanya kitu kitoke safi) ni ya kuzungusha pete kwa mkono: zinafaa au hazifai, na mtu atoe dola ngapi. Wengi wao huwa wameshatazama picha za majaribio zilizokuzwa hadi kona ya mwisho, na wanachotaka kujua ni usafi wa kona za picha tu. Mimi nawaambia waanze kwingine. Lenzi ya aina hii inanunuliwa kwa sababu mbili: udogo wake, na namba za mita zilizoandikwa kwenye pete yake ya fokasi. Namba hizo zikisema kweli, lenzi itakufaa miaka mingi hata kona zake zikiwa laini kidogo. Zikidanganya, ni afadhali ubaki na lenzi yako ya otomatiki.

Mji wetu ndio ulionifundisha hivyo. Simama karibu na mzunguko wenye sanamu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na pedali, au kwenye vijia vya Birere saa za asubuhi, uone kama una nafasi ya kurudi nyuma. Chukudu inateremka na magunia ya makaa, mwenye nayo amepiga goti moja juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, mguu wa pili unagusagusa lami. Kutoka unapomwona mpaka anapokupita ni pumzi mbili tatu. Ukianza kutafuta fokasi, utabaki na picha ya mgongo wake. Lakini kama lenzi yako ni ya 20mm, kamera ni ya sensa kubwa (sahani inayonasa picha, yenye ukubwa wa filamu ya kawaida), diafragma, yaani tundu la mwanga, iko kwenye f/8 (namba ikikua tundu linapungua) na pete umeiweka mita 2, basi kila kitu kuanzia takriban mita 1.1 hadi mita 10 kinatoka safi. Huhitaji kugusa chochote. Unatazama tu, unabonyeza.

Kuna na jambo la watu. Kamera yenye lenzi ndefu ikiinuliwa usoni na kukaa hapo, watu wanaingiwa na wasiwasi, na katika mji uliopitia yale tuliyopitia wana haki ya kuingiwa nao. Lenzi ndogo haikupi ruhusa ya kuiba picha. Kwenye soko la Kituku nawasalimia kwanza akina mama wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tunaongea bei na hali ya ziwa, nawaomba, nao wakikubali picha inapigwa katikati ya mazungumzo, kamera ikiwa usawa wa kifua, macho yetu yakiendelea kuonana. Hilo haliwezekani kama pete huiamini.

Sasa, kuiamini pete ni kuipima. Katika lenzi ya 20mm, safari yote ya vioo kutoka alama ya infiniti, yaani mbali kabisa, hadi mita 1 ni kama milimita 0.4 tu. Kutoka mita 2 hadi mita 1 ni 0.2. Pete ikichezacheza kidogo, au uzi wake wa ndani, ulio kama wa skrubu, ukiwa umelika, kosa dogo kiasi hicho linakula nusu ya kipimo. Ndiyo maana mimi hushika pete kabla ya kutazama kioo. Naizungusha polepole mpaka mwisho, naisikiliza kwa vidole: je, uzito wake ni uleule mwanzo mpaka mwisho, au kuna mahali inalegea? Kisha naitikisa kushoto na kulia bila kuizungusha. Ikisogea kabla vioo havijasogea, hapo pana kasoro.

Baada ya hapo tafuta ukuta wa mawe ya volkano. Goma hatuna shida ya kuta hizo: jiwe jeusi lenye matundu, na saruji nyeupe kwenye viungo. Ni shabaha nzuri kuliko karatasi yoyote ya kuchapisha, kwa sababu kila sentimita ina kitu cha kushika jicho. Chukua mita ya fundi seremala. Kwenye mwili wa kamera, juu, kamera nyingi zina alama ya duara dogo lililokatwa na mstari. Hapo ndipo sensa ilipo, na umbali wote kwenye pete huhesabiwa kutoka hapo, si kutoka kwenye mdomo wa lenzi. Pima mita 1 kutoka alama hiyo hadi ukutani. Fungua diafragma hadi mwisho, kuza picha kwenye skrini kadiri kamera inavyoruhusu, zungusha pete kutoka upande wa infiniti mpaka jiwe liwe safi kabisa, kisha soma namba. Rudia ukitokea upande wa pili. Namba mbili zikitofautiana, umepata kipimo cha ule mchezo wa pete. Fanya hivyo tena kwa mita 2 na mita 3.

Kwa infiniti usitumie jengo lililo mtaa wa pili. Amka mapema, panda mahali unapoiona volkano ya Nyiragongo kabla mawingu hayajaifunika, na ufokasi ukingo wa juu wa mlima. Mlima uko kaskazini ya mji, kwa mbali kabisa; kwa lenzi ya aina hii huo ni umbali usio na shaka. Kama mlima unakuwa safi pete ikigota mwisho, au karibu kabisa na mwisho, ni vizuri. Kama pete inagota mwisho na mlima bado haujawa safi, au mlima unakuwa safi pete ikiwa bado mbali na mwisho, usinunue mpaka ujue kosa ni la lenzi au ni la adapta, ile pete ya chuma inayounganisha lenzi na kamera.

Na mara nyingi ni adapta. Hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu ndipo watu wengi wanapohukumu lenzi nzuri kwa kosa la chuma cha dola chache. Lenzi nyingi za namna hii tunazozipata kwa bei nafuu ni za zamani, za kamera za filamu, na tunazifunga kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Lenzi ya Nikon ya mtindo wa F inataka kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa. Kamera ya Sony ya mlango wa E (mlango ni mahali lenzi inapofungwa) ina milimita 18. Kwa hiyo adapta lazima iwe na 28.5 kamili. Watengenezaji wengi wa adapta za bei rahisi huzifanya fupi kidogo makusudi, ili mteja asilalamike kwamba haoni mbali. Ufupi wa milimita 0.05 hauonekani kwa macho. Kwenye lenzi ya 50mm unasogeza infiniti hadi alama ya mita 50, jambo ambalo hutaligundua. Kwenye lenzi ya 20mm unaisogeza hadi alama ya mita 8! Mlima unakuwa safi pete ikiwa kwenye 8, na namba zote zilizobaki zinadanganya kwa kiasi hichohicho cha chuma: ukiweka mita 2, lenzi kwa kweli inatazama karibu mita 2.7.

Dawa yake ipo. Adapta nyingi zina skrubu ndogo zinazoshikilia vipande viwili. Zikifunguliwa, unaweza kuweka katikati karatasi nyembamba ya chuma iliyokatwa kwa umbo la pete. Karatasi ya alumini ya jikoni ina unene wa takriban milimita 0.016, hivyo tabaka tatu zinakaribia 0.05. Fundi wa simu mwenye mikono mitulivu na bisibisi nzuri ataifanya kazi hiyo mbele yako. Baada yake rudi kwenye mlima, urudi ukutani. Adapta iliyorekebishwa hivyo ifungie lenzi moja na usiitoe tena.

Jambo la pili kuhusu pete ni mistari ya kina, inayoonyesha kutoka umbali gani hadi upi vitu vitatoka safi, ile midogo miwili miwili yenye namba za diafragma kando ya alama ya katikati. Mistari hiyo ilipangwa wakati wa filamu, picha ikichapishwa kwa ukubwa wa kawaida na kutazamwa mkononi. Sensa ya leo yenye pikseli milioni 24 inaona zaidi. Kwa mistari ile ya zamani, 20mm kwenye f/8 ikiwekwa karibu mita 1.7 inakuahidi kila kitu kutoka sentimita 85 hadi infiniti. Kuza picha hiyo kwenye kompyuta uone milima ya Masisi ilivyofifia. Mimi hutumia kanuni moja: nikiwa kwenye f/8, nasoma mistari ya f/5.6. Nikiwa f/11, nasoma ya f/8. Kupita f/11 siendi ila kwa lazima, kwa kuwa tundu likizidi kuwa dogo mwanga wenyewe unaanza kulainisha picha nzima.

Kona, basi. Ndiyo, zina maana, ila zipimwe kwa haki. Ukuta wa mita 1 si mahali pa kuhukumu kona za lenzi pana, kwa sababu nyingi zilitengenezwa zifanye vizuri kwa mbali, na zikiletwa karibu kona zinalegea. Nikon ilipotoa 24mm f/2.8 mwaka 1967 iliiwekea vioo vinavyosogea kwa namna ya pekee ili kupunguza tatizo hilo, na hadi leo ni kati ya lenzi ndogo za zamani ambazo nampendekezea mtu bila wasiwasi: inafokasi hadi sentimita 30 na inatumia filta za 52mm zinazopatikana kirahisi. Kwa hiyo kona zipime kwa mbali. Chagua antena au paa moja mbali, liweke kona ya juu kushoto, piga, kulia, piga, chini kushoto, chini kulia. Fokasi usiiguse. Kona zote nne zikiwa laini kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi, na ukifunga hadi f/8 kwa kawaida itapungua. Kona moja ikiwa mbovu na tatu nzuri, kioo cha ndani kimehama. Lenzi hiyo mrudishie mwenye nayo.

Giza la kona ni suala jingine, na kwetu lina uzito ambao wajaribu lenzi wa nchi nyingine hawauoni. Wao hupiga picha mbingu au ukuta mweupe, wanaona kona zimefifia, wanasema programu itasafisha. Goma ardhi yetu ni nyeusi. Mtaa uliopita juu ya lava ya mwaka 2002, mawe kandokando, msingi wa nyumba, vyote vinaanguka kwenye kona mbili za chini za picha. Lenzi inayopoteza mwanga mwingi hapo inakuachia doa jeusi lisilo na jiwe wala mguu wa mtu, na ukiliinua kwenye kompyuta linajaa chengachenga. Basi jaribu lenzi kwenye barabara ya lava, jua likiwa juu, f/5.6 na f/8, uone kama kona za chini bado zina mawe.

Wale wanaovutiwa na lenzi ndogo sana zilizotengenezwa kwa kamera za mtindo wa Leica M, wawe waangalifu. Kwa sababu kioo cha nyuma kinakaa karibu sana na sensa, mwanga unaifikia kona kwa mshazari, na nyingi za zamani zinaleta rangi ya zambarau pembeni na kona zilizopakaa. Voigtländer ilibidi iiunde upya 15mm f/4.5 yake mwaka 2015 ili itulie kwenye sensa za kidijitali. Ukikutana na 15mm hiyo ya mtumba, uliza ni toleo la ngapi. La tatu ndilo la kutafuta.

Mistari iliyopinda ipime kwa upeo wa ziwa: weka mstari wa maji karibu na ukingo wa juu wa picha, utaona mara moja. Mng'ao, yaani mwanga wa jua unaotapakaa ndani ya picha, upime jioni, jua likishuka upande wa Sake, likiwa ndani ya picha na kisha nje kidogo ya ukingo. Na kama kamera yako ina sensa ndogo, kumbuka 20mm kwako inatazama kama 30mm. Utakuwa umelipia lenzi pana bila kuupata upana.

Lililobaki ni vumbi letu. Unga wa lava ni mkali, unakwaruza kioo na unaingia kwenye uzi wa pete. Ukizungusha pete ukasikia chembechembe, hilo si jambo la kupuuza wala la kusubiri lipone, maana kila mzunguko unaendelea kuusaga uzi. Gharama ya fundi wa kuifungua na kuisafisha iondoe kwenye bei unayotaja. Kioo cha mbele kipulizie kwanza kwa mpira wa kupulizia hewa, ndipo utumie kitambaa. Na muuzaji akikataa kukuachia lenzi kwa asubuhi moja ili uipeleke ukutani na uielekeze mlimani, hata ukimwekea bei yote kama dhamana, mshukuru na utafute nyingine.